Barua kwa Mwanangu: Lamu ya Mwaka 2100

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Umeuliza mambo mawili: kama kuandika hadithi ya Lamu ya mwaka 2100 ni kuwaiga Wamarekani, na kama sivyo, uanzie wapi.

La kwanza nalijibu upesi. Jina "afrofyucharizimu", yaani sanaa inayowaza wakati ujao wa watu weusi, lilitungwa Marekani na mhakiki Mark Dery mwaka 1993, alipokuwa akizungumzia sanaa ya Wamarekani weusi. Jina ni la huko, lakini kuiwaza kesho hakuna mwenyewe. Najua kinachokukera ni maneno ya John Mbiti, mwanafalsafa wa Kenya, aliyeandika mwaka 1969 kwamba Mwafrika ana sasa na zamani, na kwamba wakati ujao haumfikishi mbali kupita miaka miwili hivi. Mbiti alipima kwa vitenzi vya Kikamba na Kikuyu. Huku pwani tuna kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo. Tuna Nairuzi, mwaka wa jua wa siku 365 unaohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi, ambao mkulima na mvuvi wameutumia kuzitazamia mvua na pepo. Na anayepanda mkarafuu Pemba anajua atangoja miaka sita au zaidi kabla ya kuchuma.

Ukiitumia Nairuzi, angalia: haina siku ya ziada kila miaka minne, kwa hiyo huzidi kutangulia kwenye kalenda ya ukutani. Kufikia 2100 itakuwa imetangulia siku 18 kuliko sasa. Usinakili tarehe ya leo.

Sasa uanzie wapi. Anza na maji ya kunywa. Wanuri Kahiu alianzia hapo katika filamu yake ya Pumzi, mwaka 2009, na alifanya vyema. Mji wa Lamu hunywa maji ya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua huzama mchangani ikakaa juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa maji matamu ni mepesi. Kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina mita kama 40 nyingine chini yake. Geuza hesabu hiyo: pampu ikishusha maji sentimita 10 tu, chumvi huweza kupanda mita 4 kutoka chini. Ndiyo maana ukichungulia kisima utakiona kimejaa, na chai ya asubuhi imeshaonja chumvi. Ongeza bahari yenyewe, ambayo wanasayansi wanakadiria itapanda kati ya sentimita 28 na 101 kufikia mwisho wa karne, kutegemea moshi utakaofukizwa duniani. Ongeza na majengo juu ya mchanga, yanayoizuia mvua kuzama. Hapo una hadithi nzima, na hakuna gari lililoruka.

Kisha uliza maswali madogo. Nani ana ufunguo wa pampu? Kipuri kikivunjika kinatoka wapi, na fundi anaunga na nini kabla hakijafika? Zamu ya kuteka inapangwaje mwezi wa Ramadhani? Mtambo usio na fundi, msomaji hauamini, kwa sababu hajawahi kuuona.

Kosa ninaloliona zaidi kwa waandishi chipukizi ni la lugha. Wanaandika kwa -ta-: "watu watakunywa, watavaa." Hapo hadithi inageuka hotuba ya kampeni. Kwa mhusika wako, 2100 ni leo. Andika "akafungua bomba, akaonja, akatema." Wala asimweleze jirani jinsi pampu inavyofanya kazi, jirani anaitumia kila siku. Acha iharibike, nasi tutaielewa kwa kumwona akiifungua.

Nitumie sura ya kwanza hata kama haijakamilika. Nataka kujua kisima cha nani kimeingia chumvi kwanza.

Mama yako