Kuhusu zile pasti pepa

Mwanangu,

Umeniuliza kama kusoma kwa pasti pepa ni kuibia mtihani, maana mwenzako kakwambia nyie wanne mnaosolvu mitihani ya nyuma ya yule lekchara ni wezi tu. Swali lako limeninyima usingizi siku mbili.

Lile kaunta buku la kabatini, ulilolichorea magari ulipokuwa mdogo, sijawahi kukuhadithia vizuri. 1986 niko kidato cha tatu, babu yako akaazima mitihani ya nyuma ya Baraza la Mitihani kwa jirani, fotokopi ilikuwa mpaka mjini, basi akainakili yote kwa mkono, usiku, moshi wa kibatari unamwingia puani. Nikachora figo humo mpaka nikawa naweza kuichora gizani, mirija yote na majina yake. Mtihani wa muhula mwalimu wa bailojia akaleta swali lilelile neno kwa neno, nikapata 19 kwa 20. Kesho yake paredi akanisimamisha mbele ya shule nzima eti nimeingia ofisini kwake nikaiba. Akanipa sifuri. Babu yako akaja kwa miguu, kaunta buku kwapani, mwalimu akafunua kurasa mbili tatu akamrudishia, hakusema neno. Sifuri ikabaki.

Kwahiyo nikisikia wizi na pasti pepa kwenye sentensi moja damu inachemka. Wizi ni pepa lililovuja, kama ule mtihani wa hesabu wa kidato cha nne wa 2008 uliofutwa, dada yako akarudia mtihani na kosa hana. Pepa lililokwishafanywa ni la kila mtu. Aliyechora figo ni mimi, sio karatasi. Narudia, sio karatasi.

Ila hapo napo najibishana mwenyewe. Je ningekariri mchoro tu bila kujua figo inachuja nini? Na yule msichana wa dawati langu, ambaye hakuwa na baba wa kumnakilia, nilimwonyesha lile daftari? Sikumwonyesha, nililifungia kwenye sanduku la bati na ufunguo nikauvaa shingoni, na yeye alipata 6. Hilo linaniuma kuliko hata paredi.

Ulimi unaniwasha nikwambie sio wizi, lakini ngoja kwanza. Hizo pasti pepa mnazo nyie wanne tu. Wenzenu darasani mmewatumia?

Mama