Roberto Carlos wa Brazil: uanze na wimbo gani

Mkuu, umeuliza kama huyu Roberto Carlos (mwimbaji, siyo yule beki wa Real Madrid) anaimba mapenzi tu, na uanze na wimbo gani. Anza na "Detalhes", wa mwaka 1971.

Mimi nilimjulia Pemba ya Msumbiji, nilipokuwa nafanya kazi kwenye karakana ya useremala. Fundi mkuu wetu alikuwa na redio iliyojaa vumbi la mbao. "Detalhes" ukianza tu, anazima randa ya umeme, anachomeka penseli sikioni, na hakuna kuongea mpaka uishe. Kireno changu kilikuwa cha kuombea maji, akanifafanulia pole pole: jamaa ameachwa, anamwambia mwanamke kwamba hata akipata mwingine, vile vijimambo vyao vidogo vidogo vitamrudia tu.

Roberto alizaliwa 1941 Cachoeiro de Itapemirim, Brazil, baba fundi saa, mama mshona nguo. Akiwa na miaka 6 treni ilimkata sehemu ya mguu wa kulia. Alivuma kwanza na rock ya vijana, kwenye kipindi cha televisheni cha Jovem Guarda kilichoanza 1965. Mwaka 1968 akashinda tamasha la Sanremo, Italia. Baadaye akageukia nyimbo za taratibu, na Wabrazili wanamwita Mfalme.

Lakini mapenzi yake si ya wapenzi peke yao, na hapo ndipo aliponishika. Kuna wimbo wa 1971 unaosifia nywele zenye mawimbi, wengi wakadhani ni za mwanamke. Kumbe ni za Caetano Veloso, mwanamuziki mwenzake aliyekuwa uhamishoni London kwa sababu ya utawala wa kijeshi. Roberto alikwenda kumtembelea, akarudi akatunga wimbo wa kumtakia arudi nyumbani. Kuimba hivyo chini ya wanajeshi kulitaka moyo. "Amigo" wa 1977 alimwimbia Erasmo Carlos, rafiki aliyetunga naye nyimbo zake nyingi kubwa.

Halafu "Lady Laura" wa 1978, kwa mama yake. Mwanaume mzima, tajiri, anatamani mama amshike mkono tena kama mtoto. Fundi aliponimalizia kuutafsiri nilitoka nje, nikampigia mama simu Mtwara. Akauliza kuna nini. Nikamwambia hakuna, nimetaka kukusikia tu.