Maswali na Majibu ya Mafundi wa Boti: Kurefusha Katamarani Kuukuu

Swali kutoka Dunga, Kisumu: Nilinunua katamarani (boti ya bodi mbili zilizoungwa sambamba) ya faiba ya mita 9 iliyokwisha kutumika, ikaletwa kwa lori kutoka Kilifi baada ya boriti zinazounganisha bodi zake kufunguliwa. Nikipakia abiria wanane, tezi (sehemu ya nyuma) huzama na boti hulima maji. Nirefushe omo (sehemu ya mbele) au tezi?

Jibu: Refusha tezi, lakini ujue kwanza unachokipata. Ikiwa kila bodi ina upana wa sentimita 60 kwenye usawa wa maji, nyongeza ya mita 1.2 kwa bodi zote mbili hukupa mita mraba 1.44 za kuelea, na kwa kuwa lita moja ya maji ya ziwa ni kilo moja, kila sentimita ambayo nyongeza hiyo itazama itabeba takriban kilo 14. Kwa sentimita tano umepata kilo 70. Huyo ni mtu mmoja, wala si basi la kwenda Bondo! Faida kubwa ni kwamba ubebaji huo uko mwisho kabisa wa boti, ambako unainyanyua tezi vizuri na kupunguza kule kupiga kichwa mawimbi yanapochacha alasiri. Kumbuka pia kwamba maji ya bahari ni mazito kuliko ya ziwa kwa asilimia 2.5 hivi, kwa hiyo boti iliyoelea vyema Kilifi lazima izame kidogo zaidi huku.

Mashine ziache zilipo, kwa sababu ukizisogeza hadi mwisho mpya utakuwa umeurudisha uzito palepale ulipokuwa ukiuondoa. Usikate ukuta wa zamani wa tezi, ila uufanye kiambaza kisichopitisha maji, ili nyongeza ikigonga jiwe maji yasiingie chumbani. Kisha chukua ubao mwembamba unaopindika, uulaze chini ya bodi na uufuate mkunjo wake hadi nyuma. Nyongeza iendeleze mkunjo huohuo, ikipanda taratibu hadi mwisho wake ufike karibu na uso wa maji, kwani ukuta mpana uliozama huvuta maji nyuma yake na kuila petroli yako. Ngazi utakayoipata hapo nyuma itakufaa siku ya kuondoa magugu maji kwenye rafadha.

Swali kutoka Mbita: Fundi wangu anasema resini ya polista (kioevu kinachokauka na kuishika faiba) na mkeka wa faiba vinatosha, kwamba resini ya epoksi ni kupoteza pesa. Ni kweli?

Jibu: Kwa boti mpya inayotolewa kwenye kalibu, fundi wako yuko sawa. Kwenye kiungo cha kale na kipya sikubaliani naye, kwa sababu polista iliyokwisha kukauka miaka mingi haishikani vizuri na polista mpya, ilhali epoksi huing'ang'ania. Futa nta na mafuta kwa asetoni kabla ya kupiga msasa, kisha ulisawazishe ganda la zamani kwa mteremko wa kumi na mbili kwa moja: ganda la milimita 6 litahitaji mteremko wa milimita 72. Tumia kitambaa kilichofumwa, maana gundi ya mkeka mwingi wa kawaida ilitengenezwa iyeyuke kwenye stairini, kiyeyusho kilichomo kwenye resini ya polista, ambacho epoksi haina. Epoksi ikikauka huweza kuacha utelezi kama nta, nao huoshwa kwa maji kabla ya msasa. Juu yake paka rangi ya epoksi au ya poliurethani, si jelikoti ya kawaida (tabaka la nje la polista lenye rangi).

Changanya epoksi kidogo kidogo, asubuhi, na umimine kwenye sinia pana. Mimi niliwahi kuiacha kwenye kikombe cha plastiki saa saba mchana nikizungumza na simu. Nilipogeuka kilikuwa kinatoa moshi na kitako chake kimeshayeyuka juu ya benchi.

Swali kutoka Usenge: Je, naweza kukata bodi katikati na kuingiza kipande?

Jibu: Usijaribu bila mchoro wa mhandisi wa vyombo. Katikati ndipo boriti na mlingoti hukutana na mzigo wote.

Swali kutoka Homa Bay: Boti yangu ilikuja na vipande vya zinki vya kuzuia kutu. Nivibakize?

Jibu: Vibadilishe kwa vya magnesi (magnesiamu). Katika maji yasiyo na chumvi zinki hujifunika ukoko na kuacha kufanya kazi, kisha chuma na alumini za mashine ndizo zinazoliwa. Magnesi nayo usiende nayo baharini, kwani huisha upesi mno.

Swali kutoka Kisumu mjini: Nikishairefusha, nianze kubeba abiria?

Jibu: La, subiri. Vipimo vilivyo kwenye karatasi zako si vya boti hiyo tena, kwa hiyo wapelekee habari Mamlaka ya Bahari ya Kenya waikague upya. Kabla hawajafika, ishushe majini ikiwa tupu, upige mstari wa rangi pale maji yanapofika pande zote mbili, halafu pakia magunia ya mchanga yenye uzito wa abiria wako na upige mstari wa pili.