Maswali na Majibu: Utamu wa Upanga kwenye Gemu

Wiki hii karibu wote mmeuliza kuhusu Ghost of Tsushima, gemu ya mwaka 2020 inayohusu Wamongolia kuvamia kisiwa cha Tsushima, Japani. Twende.

Kaka, gemu za bunduki zimejaa. Huu upanga una nini cha ajabu? (Igoma)

Kwenye bunduki adui ni kichwa kidogo kule mbali. Akidondoka unatafuta mwingine. Upanga unakulazimisha umtazame mtu. Bega limepanda? Mguu umesogea? Ukibonyeza L1, kitufe cha kukinga kwenye pedi ya kuchezea, mapema, unakinga tu. Ukibonyeza pigo likiwa karibu kutua, unalipangua na yeye anabaki wazi. Ukichelewa, umekula chuma. Halafu kuna ile ya kumwita adui mpambane uso kwa uso: umeshikilia kitufe cha pembetatu, naye anajifanya anakuja, kumbe anakupima. Ukiachia kabla hajarusha pigo la kweli, imekula kwako. Mvuvi wa ndoano ananielewa: ukivuta kwa pupa, sangara anaondoka na chambo. Pale kwenye banda la gemu Kirumba wengi hufia hapo hapo, kwa kiherehere, na watazamaji hawana huruma.

Mimi nagonga kitufe cha mraba tu na nashinda. Mikao ya kupigana ya nini? (Buhongwa)

Unashinda kwa sababu umeweka ngazi nyepesi, mdogo wangu. Kila mkao una adui wake: Jiwe ni kwa wenye panga, Maji kwa wenye ngao, Upepo kwa wenye mikuki, Mwezi kwa yale majitu. Panda hadi ngazi ngumu ya Lethal, ambako upanga wako unaua upesi na wa kwao vilevile, halafu uniandikie tena.

Mwanangu anashinda bandani, anasema anajifunza historia. Ni kweli? (Mama, Nyegezi)

Shikamoo mama. Ni kweli nusu. Uvamizi wa mwaka 1274 ulitokea, na Tsushima iliguswa mwanzoni kabisa. Lakini shujaa Jin Sakai ametungwa, na adui yake Khotun Khan pia. Samurai, yaani askari wa Kijapani kama Jin, wa enzi zile alikuwa kwanza mpiga upinde juu ya farasi. Katana, ule upanga wa Kijapani uliopinda, ilishamiri karne za baadaye. Kwa utamu wa mchezo siwalaumu watengenezaji. Ila mama, damu ni nyingi, na Ulaya gemu hii imewekewa umri wa miaka 18. Kama kijana bado yupo shule ya msingi, mtafutie ya mpira.

Nachelewa kupangua kila mara. Pedi mbovu? (Nyakato)

Anza na TV. Nyingi huchelewesha picha kidogo. Ingia kwenye mipangilio, uwashe Game Mode. Ukiendelea kuchelewa, basi ni wewe.