Malengelenge ya jua kwa mtoto: uliza saa kabla ya kuandika vipimo

Mtoto ana malengelenge usoni, masikioni na migongoni mwa viganja. Daktari mgeni huandika maambukizi ya bakteria, anatoa antibiotiki, vidonda vinapona vyenyewe na dawa inasifiwa. Jua likikolea, vinarudi. Kurudi huko, tena mahali palepale, ndiko kukushtue.

Uliza saa, yaani dalili huja muda gani baada ya jua. Anayelia kwamba ngozi inawaka dakika chache baada ya kutoka nje, huku ukiona uvimbe tu, mfikirie protopofiria (aina ya pofiria, magonjwa ambayo kemikali za pofirini hurundikana mwilini na kuifanya ngozi iumizwe na mwanga). Malengelenge kwake ni nadra. (Kwenye ngozi nyeusi usitegemee wekundu, papasa.) Haidroa vaksinifome, ugonjwa nadra wa malengelenge ya jua, haina haraka hiyo: vipele huja baada ya saa kadhaa au hata siku, vinajaa maji, vinabonyea katikati, vinafanya kigaga cheusi na kuacha vishimo kama vya ndui. Mzio wa jua uliozoeleka hauachi makovu. Ulizia pia kama dalili huja hata nyuma ya dirisha, maana kioo cha kawaida huzuia miale ya jua ya UVB lakini hupitisha sehemu kubwa ya ile ya UVA.

Kisha mvue nguo. Chini ya kidevu, nyuma ya masikio na tumboni pakiwa safi, jua ni mshukiwa. Tetekuwanga haichagui hivyo.

Kwenye kupima pofirini ndipo kazi huharibika zaidi. Mwanga huzivunja, kwa hiyo funga chupa kwa karatasi ya aluminiamu palepale kitandani, usingoje maabara. Peleka damu, mkojo na kinyesi. Mkojo peke yake utakudanganya: protopofirini haiyeyuki kwenye maji, hivyo mwenye protopofiria hutoa mkojo usio na kasoro. Nepi zenye madoa mekundu, au meno ya kahawia yanayong'aa wekundu chini ya taa ya Wood (taa ya miale ya urujuanimno), ni dalili za pofiria ya kuzaliwa. Katika haidroa, pofirini zote ni za kawaida. Pima na kingamwili za lupasi (ugonjwa wa kinga kushambulia mwili, ambao jua huuchochea), yaani ANA na Ro.

Kipande cha ngozi kitoke kwenye lengelenge jipya. Kigaga hakitakuambia kitu. Mwombe mpatholojia kipimo cha EBER, kinachotafuta ndani ya seli virusi vya Epstein-Barr, vinavyohusishwa na haidroa, nawe upime wingi wa virusi hivyo kwenye damu. Homa, uso kuvimba, tezi, vidonda hadi penye nguo, au mbu mmoja kuacha donda kubwa: hapo limfosaiti (aina ya chembe nyeupe za damu) huenda zinazaliana ovyo, na mtoto anahitaji mtaalamu wa damu mapema, si krimu ya jua na miadi ya miezi mitatu.