Mahojiano ya Utumishi: Wanataka Siku, Hawataki Sifa

Juzi usiku dada mmoja kaniandikia: "Kaka, nipo kwenye mkeka! Mchujo nimepita, mahojiano Jumanne Dodoma. Nitumie maswali." Mkeka ni ile orodha ya walioitwa na Utumishi, yaani Sekretarieti ya Ajira ya serikali, na mchujo ni mtihani wa kwanza wa kuandika. Dada yangu, maswali sina. Nina aibu yangu ya mara ya kwanza, hiyo nakupa bure.

Niliomba Uafisa Ugavi daraja la II. Mchujo nikapasua, kichwa kikavimba. Siku nne nimejilaza kwenye godoro la rafiki nakariri Sheria ya Ununuzi wa Umma kifungu kwa kifungu. Nauli na chakula juu yangu, maana tangazo linasema kila msailiwa atajigharamia. Naingia, watu watano wamekaa. "Tueleze siku uliyotofautiana na mkubwa wako wa kazi. Ulifanyaje?" Nikajibu mimi ni mchapakazi, mwaminifu, naheshimu viongozi. Mama mmoja mwenye miwani akalaza kalamu mezani. "Hizo ni sifa. Nimeuliza siku." Nikabaki kutoa macho.

Nilikosa. Mjomba akasema mbele ya ukoo mzima kwamba bila kuwa na mtu ndani hupati. Hilo bado linaniuma, kwa sababu nililiamini na karibu mwaka mzima sikuomba tena.

Mara ya pili nikachukua daftari, nikaandika siku zangu. Nilikuwa nimejitolea stoo ya hospitali. Leja inasema katoni 40 za glavu, rafuni nahesabu 31. Bosi anataka nisaini makabidhiano yaishe. Nikamwomba kwa adabu tuhesabu wote, upungufu tukauandika, na kesho yake ikajulikana tisa zilishushwa wodini usiku bila hati. Kisa hicho kimoja kilinijibia swali la uadilifu, la kutofautiana na mkubwa na la kushirikiana na wenzako.

Kwa hiyo andika siku zako. Ilikuwaje, wewe ulifanya nini, ikaishaje. Wewe! Ukisema "tulifanya" watakuuliza wenzako walipokuwa wakifanya wewe ulikuwa wapi. Na usiniambie huna uzoefu. Kama umewahi kuwa mweka hazina wa kwaya na daftari likakataa kubalansi, hiyo ni siku. Vijana tunapenda kutumiwa maswali kama mtihani wa kuvuja, halafu tukikosa tunalaumu majina ya watu. Kaa chini uandike.

Beba vyeti halisi, hati ya matokeo hawaipokei. Jina likitofautiana kwenye vyeti, uwe na deed poll, ile hati ya kisheria ya kubadili jina.

Mimi hata hivyo sikupangiwa papo hapo. Nilifaulu nikabaki kwenye kanzidata, ile orodha ya waliofaulu wanaosubiri nafasi, barua ya kituo ikatoka miezi minne baadaye, nimeshakata tamaa. Mjomba akapiga simu siku hiyohiyo: "Haya sema, nani kakushika mkono?"

Nikamwambia glavu.