Madoa kwenye majani ya maharage

Ndugu mkulima wa Kasulu, umeuliza kwa nini maharage yako yanapukutisha majani kabla maganda hayajajaa, ilhali mvua imenyesha vizuri. Mvua hiyohiyo ndiyo inayoulea ugonjwa. Kwa kuwa umeeleza madoa ya kahawia yenye pembe, yaliyobanwa katikati ya mishipa ya jani, nadhani ni madoapembe, ugonjwa unaoletwa na kuvu. Geuza jani asubuhi, na ukiona upande wa chini vinyweleo vyeusi mfano wa masizi, huna haja ya kubahatisha. Kutu, ugonjwa mwingine wa majani ya maharage, ingekuachia unga mwekundu kidoleni.

Kuvu hao huishi kwenye mabaki ya mimea na hata ndani ya mbegu, kwa hiyo maharage uliyotenga kwa mbegu kutoka shamba hilo, kama hujayatia dawa, yapike. Fukia mabaki, panda mahindi hapo walau misimu miwili, na usipalilie majani yakiwa na umande, kwani nguo hubeba vimelea kutoka mche hadi mche. Dawa yenye mankozebu, kemikali ya kuzuia kuvu, hukinga majani mazima, haiponyi yaliyokwisha kuungua. Maganda yakiwa yameanza kukauka, usinunue.